Vumbi la jiwe jeupe: kwa nini kifua cha mchimbaji kinashindwa kujisafisha

KASENYI. — Kasenyi ni mji wa samaki, si mji wa dhahabu. Hapa kando ya Ziwa Albert watu wanaishi kwa nyavu, chumvi na moshi. Lakini uliza nyumba kwa nyumba: mtoto wenu mwanaume yuko wapi? Wengi watakujibu: alipanda juu, yuko kwenye kariere. Djugu, Mongbwalu, Mambasa, wengine wamefika mpaka upande wa Watsa. Wanapanda na kifua kizima. Baada ya miaka, baadhi yao wanarudi na kosukosu ambayo haisikii dawa. Hapo maneno yanaanza: ni baridi ya ziwa, ni TB, ni sumu, eti amerogwa kwa sababu ya dhahabu ya wenyewe.

Sisi tunasema: kabla ya kumtafuta mchawi, angalia vumbi. Si vumbi la barabara ya Bogoro, lile unalipenga asubuhi na linaisha. Ni vumbi la jiwe jeupe lililovunjwa leo hii. Mwili wa mtu umepewa wafagiaji wa kusafisha mapafu, na wanafanya kazi muzuri sana. Shida ni kwamba vumbi hili linaua wafagiaji wenyewe. Mtu akielewa hilo, ataelewa pia kwa nini dawa inapaswa kuwekwa juu ya jiwe kabla halijavunjwa, kwa sababu likishafika kifuani hakuna tena dawa ya kulitoa.

Kwa nini tuseme leo

Mwezi Machi 2025, bei ya dhahabu duniani ilipita dola 3,000 kwa ounce moja, yaani kwa gramu 31 hivi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ikapita dola 4,000. Mchimbaji wetu haoni bei hiyo yote mkononi, kila mtu anajua inapitia mikono mingapi. Lakini anaona matokeo yake: jiwe ambalo zamani liliachwa kwa sababu lina dhahabu kidogo, leo linalipa. Basi linavunjwa. Konkaseri zinaongezeka, mashimo yanakwenda chini zaidi.

Hapo kuna badiliko ambalo halisemwi. Dhahabu ya Kilo ilipogunduliwa mwaka 1903, kazi ya kwanza ilikuwa ya mitoni, kuosha mchanga na changarawe. Anayeosha mchanga anasimama ndani ya maji. Anaweza kupata malaria na kuumwa mgongo, lakini vumbi hana, sababu maji yanalikamata. Leo mchanga rahisi umepungua katika sehemu nyingi, na watu wanafuata mshipa wa dhahabu ndani ya mwamba. Kutoka kwenye mto kwenda kwenye mwamba maana yake ni kutoka kwenye maji kwenda kwenye vumbi. Kazi inaitwa kwa jina lilelile, uchimbaji, lakini hatari yake ni nyingine kabisa.

Mapafu yana milango mitatu

Tuanze na kazi ambayo kila kifua kinafanya bila kuambiwa.

Mtu aliyekaa anavuta hewa karibu lita 6 mpaka 8 kwa dakika. Anayepiga nyundo, au anayebeba mfuko wa mawe kupanda kutoka shimoni, anaweza kuvuta lita 40, 60, hata kupita. Tena akichoka anaacha pua, anapumua kwa mdomo. Ndiyo maana watu wawili katika shimo moja hawapati kipimo kimoja cha vumbi. Anayefanya kazi ngumu zaidi anavuta mingi zaidi, na mdomo hauna ulinzi kama wa pua.

Mlango wa kwanza ni hiyo pua. Nywele zake na ute wake vinakamata chembe kubwa, zile za zaidi ya mikroni 10. Mikroni ni nini? Chukua milimita moja, uigawe mara 1,000. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni 70 hivi. Ukitoka kazini ukapenga kamasi ya rangi ya jiwe, hilo ni vumbi lililokamatwa mlangoni. Halijaingia.

Mlango wa pili ni mirija ya hewa. Ndani yake imepakwa ute, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo vinapiga kama makasia ya mtumbwi, mara 10 hivi au zaidi kila sekunde. Vyote vinapiga kuelekea juu, kwenye koo. Vumbi linanasa kwenye ute, makasia yanalipandisha, na mwishowe unalitema au unalimeza bila kujua. Sehemu kubwa ya vumbi linalotua kwenye mirija hii inatoka kwa siku moja au mbili. Kukohoa kunasaidia kazi hiyo.

Mlango wa tatu uko mwisho kabisa, kwenye vifuko vya hewa. Kila mtu ana mamia ya milioni ya vifuko hivi. Ukivitandaza chini, vinafunika karibu mita za mraba 70, sawa na sakafu ya nyumba ya familia. Hapo ndipo hewa inaingia ndani ya damu. Kwa sababu hiyo ukuta wao lazima uwe mwembamba sana, na hauna makasia. Chembe zinazofika huko ni zile ndogo, chini ya mikroni 5 hivi. Jicho halizioni. Hili ni jambo la kushika: lile wingu jeupe unaloliona konkaseri ikinguruma sio lote la hatari. Vumbi kubwa linaanguka haraka, lakini lile dogo linabaki hewani kwa masaa, hata wakati watu wanasema hewa imeshatulia, turudi shimoni.

Huko chini kuna mfagiaji mwingine. Ni chembe hai ya mwili ambayo waganga wanaiita makrofaji. Inatembea ndani ya vifuko, na kila kitu kigeni inachokuta inakimeza. Ikikuta mikrobu, inaisaga. Vumbi la kawaida haiwezi kulisaga, lakini inalibeba polepole mpaka mahali penye makasia, au mpaka kwenye tezi. Ni kazi ya miezi, hata ya miaka. Lakini inaendelea, usiku na mchana.

Jiwe linapoua mfagiaji

Jiwe jeupe linalobeba dhahabu yetu, wengi wanalijua kwa jina la kwatsi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa silika. Silika iko pia ndani ya mchanga wa ufuo, na watoto wa Kasenyi wanacheza juu yake kila siku bila shida. Tofauti ni mbili. Kwanza, punje ya mchanga ni kubwa sana kufika kwenye vifuko vya hewa. Pili, ni ya zamani, maji na miaka vimeituliza. Silika iliyovunjwa sasa hivi, kwa nyundo au kwa mashini, ina uso mpya, mkali. Si ukali wa kukata kama kisu. Ni ukali wa kuunguza chembe za mwili zinazoigusa. Kadiri vumbi linavyokaa, ukali huo unapungua. Mchimbaji anavuta lile la dakika ileile.

Makrofaji inakutana na chembe ya silika, inaimeza kama desturi yake. Ndani ya makrofaji kuna kifuko chenye asidi cha kusagia. Silika inatoboa kifuko hicho, asidi inamwagika ndani, na mfagiaji anakufa. Ile chembe ya jiwe haijapungua hata kidogo, inarudi huru. Makrofaji nyingine inakuja, inameza, inakufa. Ni kama ndoana isiyooza: samaki anaimeza anakufa, mwingine anamla huyo samaki anakufa naye, na ndoana inabaki ileile, ikingoja wa tatu.

Mfagiaji anapokufa anapiga kelele ndani ya mwili, na mwili unatuma chembe za kutengeneza kovu, kama vile unavyoponya kidonda cha mguu. Lakini kovu la mguu halizuii kutembea. Kovu la mapafu halipitishi hewa. Yanatokea mafundo madogo magumu, yanaongezeka, yanaungana. Huo ndio ugonjwa wa silikozi. Na kwa sababu jiwe linabaki ndani, ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha shimo na kurudi kuvua samaki. Wengi wanashangaa hapo: mbona niliacha kazi, na pumzi inazidi kukata? Ni ndoana ileile.

Kuna njia nyingine mbili za kushindwa. Moja ni wingi. Hata vumbi lisilo na silika, likiingia mingi kuliko wafagiaji wanavyoweza kubeba, linarundikana. Haba na haba hujaza kibaba. Nyingine ni wafagiaji kuwa dhaifu tayari. Sigara inalegeza makasia, basi mchimbaji anayevuta anafunga mlango wa pili kwa mkono wake. Moshi wa kuni nao unachosha makrofaji, na hapo tuwafikirie mama zetu wanaokausha samaki kwa moshi mchana na kupika ndani usiku. Ulevi wa lotoko unapunguza nguvu ya kukohoa wakati wa usingizi. Njaa na virusi vya Ukimwi vinapunguza askari wa mwili.

Na maziwa je? Kwenye kariere nyingi utasikia kwamba maziwa yanaosha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, yanywe. Lakini yanakwenda tumboni, hayapiti mapafuni. Hayawezi kufikia jiwe lililo ndani ya kifuko cha hewa. Hata antibiotiki haiwezi. Mpaka leo hakuna dawa inayoondoa kovu la silikozi.

Ugonjwa huu kwa kawaida unaonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa mingi unaonekana baada ya miaka 5 mpaka 10. Na vumbi likiwa mingi kupita kiasi, kama mahali pa kusaga jiwe kavu ndani ya nyumba iliyofungwa, unaweza kumwangusha kijana kabla miaka 5 haijaisha. Tena si kovu tu. Tangu mwaka 1997, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka silika ya namna hii katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu.

TB au vumbi? Mara nyingi vyote viwili

Mchimbaji anafika kituo cha afya. Anakohoa, amekonda, usiku anatoka jasho. Munganga anafikiri TB, na ana haki, sababu TB iko kweli. Anapimwa makohozi. Wakikuta mikrobu, anapewa dawa za miezi 6, nazo ni za bure katika nchi yetu. Hiyo ni njia sawa.

Mambo yanaharibika mahali pawili. Pa kwanza: makohozi hayaonyeshi kitu, lakini mgonjwa anapewa dawa za TB mara moja, mara ya pili, bila nafuu. Huyo inawezekana ana silikozi, na hakuna aliyemuuliza kazi yake. Kwenye picha ya kifua, ile tunaita radio, mafundo ya silikozi na madoa ya TB yanaweza kufanana, yote yanapenda sehemu ya juu ya mapafu. Ndiyo maana tunasema kwa nguvu: ukifika kwa munganga, taja kazi. Sema ulivunja jiwe au uliosha mchanga, shimoni au juu, kwa konkaseri au kwa kinu, miaka mingapi. Maneno hayo hayalipiwi hata franga moja, na yanaweza kubadilisha kila kitu.

Mahali pa pili ni kinyume chake: mtu anajua ana vumbi, basi kila kosukosu anasema ni vumbi tu. Hatari kubwa. Makrofaji zilezile zinazouawa na silika ndizo zinazotakiwa kuua mikrobu ya TB. Zikifa, TB inapata nyumba wazi. Utafiti kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba mwenye silikozi ana hatari ya TB karibu mara 3 kuliko mwenzake asiye nayo. Akiwa pia na virusi vya Ukimwi, hatari hizo mbili hazijumlishwi, zinazidishana. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka wanaofanya kazi ndani ya vumbi la silika watafutwe na kupimwa TB kwa utaratibu, bila kungoja waanguke. Na TB haibaki shimoni. Mchimbaji anarudi Kasenyi, analala chumba kimoja na mama watoto na watoto. Mwenye silikozi hawezi kumpa mtu silikozi, hilo tuwaondolee hofu. Lakini mwenye TB anaweza. Kosukosu inayopita majuma mawili inatakiwa kupimwa.

Ugonjwa usio na kelele

Ituri na Haut-Uele wanajua magonjwa ya migodi yenye kelele. Kuanzia mwaka 1998 mpaka 2000, homa ya Marburg iliua watu Durba, na wengi wa wagonjwa walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Goroumbwa. Waliougua walihesabiwa: 154. Waliokufa: 128. Wataalamu walikuja kutoka mbali, magazeti yaliandika, na ugonjwa ulikwisha baada ya mgodi huo kujaa maji. Vilevile wakati wa Ebola kati ya 2018 na 2020, kila mgonjwa aliandikwa jina.

Silikozi haiui kwa siku kumi. Inaua kwa miaka kumi, mtu mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amesharudi kwao. Mmoja anazikwa Kasenyi, mwingine Aru, mwingine Beni. Hakuna anayeunganisha makaburi hayo na shimo moja.

Jambo hili ni la zamani. Mjerumani Georgius Agricola, katika kitabu chake kikubwa juu ya migodi kilichotoka mwaka 1556, aliandika kuhusu wanawake wa milima ya Karpati walioolewa na waume saba, na wote saba walimalizwa na ugonjwa wa mapafu wa migodini. Mwaka 1930 shirika la kimataifa la kazi lilifanya mkutano Johannesburg juu ya silikozi peke yake. Kwa hiyo si kweli kwamba dunia haikujua.

Na karibu na sisi? Nchini Tanzania, watafiti walipima hewa ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Shimoni, silika ilifika wastani wa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kipimo ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini inasema kisipitwe ni miligramu 0.05. Gawanya mwenyewe: ni mara 337. Hata juu ya shimo kipimo kilipitwa karibu mara 4. Wachimbaji hao wanafanya kama wetu: nyundo, jiwe kavu, kitambaa usoni.

Afrika Kusini walifika mbali zaidi. Mwaka 2018 kampuni sita za dhahabu zilikubali mapatano ya kulipa wachimbaji wenye silikozi na TB, pamoja na familia za waliokufa, fedha zinazokadiriwa rand bilioni 5. Korti ya Johannesburg iliyapitisha mwaka 2019, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa ili kulipa. Kati ya kampuni hizo iko AngloGold Ashanti, jina ambalo Mongbwalu wanalijua vizuri, na ambalo mpaka sasa lina sehemu katika mgodi wa Kibali. Mapatano yanagusa watu waliofanya kazi tangu mwaka 1965, pamoja na wale waliotoka nchi za jirani kama Lesotho na Msumbiji.

Wachimbaji wale waliwezaje? Kampuni ilikuwa na jina, na ilikuwa na vitabu. Mtu aliweza kuonyesha: nilikuwa mgodi huu, miaka hii. Mchimbaji wetu wa mikono hana kitabu. Hana mwajiri wa kumtangaza kwenye CNSS. PDG wa shimo anabadilika, shimo linafunikwa, jina la mchimbaji halikuandikwa popote. Siku anapokata pumzi, hana wa kumdai.

Maji kwanza

Basi tufanye nini? Kwa kuwa kifua hakiwezi kulitoa vumbi hili, lizuiwe lisiruke. Na kitu kinacholizuia ni maji. Chembe iliyolowa inashikana na mwenzake, inakuwa nzito, inaanguka.

Lakini maji yawekwe mahali na saa inayofaa. Kumwagia sakafu baada ya kazi ni kuchelewa. Jiwe lilowe kabla ya nyundo kulipiga, na maji yaendelee kudondoka pale linapovunjika. Kwenye konkaseri, bomba moja lenye matundu madogo juu ya mdomo wa mashini linatosha kuanza. Shimoni, rundo la mawe lilowanishwe kabla ya kutia koleo. Kaskazini mwa Nigeria, njia hii ya kunyunyizia maji kwenye mashini za kusaga mawe ilijaribiwa na ikapunguza vumbi sana.

Wengine watasema: maji tutoe wapi? Jibu ni motopompe. Katika mashimo mengi mashini inanguruma usiku na mchana ikitoa maji chini, yanatupwa nje, na hatua chache kutoka hapo watu wanasaga jiwe kavu. Maji hayo yangeweza kupita juu ya jiwe kwanza. Ila yasiwe yale ya beseni la zebaki, hayo yana sumu yake.

Kwa mama wanaotwanga tunajua kikwazo: unga ukilowa haupiti kwenye chekecheo. Kuna njia: kuchekecha ndani ya maji, si hewani, na kufunika kinu kwa gunia lililolowa wakati wa kutwanga. Mwenye mtoto mgongoni asitwange kavu, sababu mtoto anavuta hewa ileile kwa mapafu madogo zaidi. Tena kazi hii isiingie nyumbani. Mwaka 2010, jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya jiwe la dhahabu kusagwa ndani ya viwanja vya nyumba. Jiwe lile lilikuwa na risasi, ile metali ya sumu, na hatusemi letu ni sawa. Tunasema njia ni ileile: kutoka kinu, kwenda uwanja, kwenda mdomo wa mtoto. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia, zilowekwe majini. Kuzikung'uta kavu mlangoni ni kuleta kariere ndani ya nyumba.

Na cache-nez? Kitambaa, au ile ya wakati wa Covid, inazuia vumbi kubwa ambalo pua ingelikamata yenyewe. Lile dogo linapita pembeni. Kuna barakoa nzuri zaidi, zile zilizoandikwa FFP2 au N95, lakini lazima zibane uso vizuri, na zikijaa vumbi zibadilishwe. Ni msaada, si kinga ya kwanza. Anayempa mchimbaji barakoa na kumnyima maji hajamlinda.

Sigara iachwe. Hata mwenye miaka 10 ya kuvuta, akiacha, makasia yake yanaanza kurudisha nguvu. Na anayeambiwa na munganga kwamba ana silikozi, aache kuvunja jiwe. Ni neno gumu kwa mwenye watoto shuleni, tunajua. Lakini kila siku anayoongeza shimoni anaongeza ndoana.

Nani alipe maji

Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka wachimbaji wa mikono wafanye kazi ndani ya kooperative. SAEMAPE imewekwa na serikali kuwasaidia na kuwafundisha. Mchimbaji analipa: analipa karata, analipa PDG, analipa huku na huku, na pale penye watu wa silaha analipa hata wasio na haki. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya état de siège, na kariere nyingi wakaguzi hawafiki. Hiyo ni kweli. Lakini bomba juu ya konkaseri halingoji amani ya Ituri nzima.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. La kwanza: mwenye konkaseri awe mwenye maji. Anayepata faida kwa mashini alipe bomba, kama anavyolipa mazuti. Wachimbaji wanaweza kukubaliana kutopeleka mawe kwenye mashini inayosaga kavu, na hiyo ni nguvu waliyo nayo leo. La pili: kila kooperative ishike kitabu. Jina, shimo, kazi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Hakigharimu zaidi ya daftari, na siku moja kitakuwa ushahidi, kama vitabu vya Afrika Kusini vilivyokuwa. La tatu: vituo vya afya vya barabara za dhahabu, na hata vya huku ziwani ambako wagonjwa wanarudi kufia, viandike kazi ya kila mgonjwa wa kifua. Bila hesabu hiyo, serikali itaendelea kusema silikozi haiko Ituri, na itakuwa inasema kweli kwa karatasi.

Bei ya dhahabu ikipanda, kila mtu katika mnyororo anadai sehemu yake, kutoka PDG mpaka negosia wa Bunia. Mapafu ya mchimbaji hayakai kwenye meza hiyo, lakini ndiyo yanalipa ya kwanza. Ndugu zetu mnaosoma haya mkiwa juu kwenye kariere: jumatatu, kabla nyundo ya kwanza haijapiga, ulizeni maji yako wapi. Kama hayako, jiwe lingoje.